Honi ya Kisian

Harufu ya baba yangu ilikuwa ya mafuta mazito yaliyoungua, sabuni ya mche na chuma kilichopata moto. Ilimtangulia mlangoni na ikabaki kitini alipoondoka. Mama alikuwa akisema kwamba hata malaika wa kaburini watamjua kwa harufu hiyo kabla hawajamuuliza jina. Tulikaa Kaloleni, mtaa wa Waislamu mjini Kisumu, ambako ukiwauliza watu kwao ni wapi, wengi hukutajia reli: babu alikuja na reli kutoka pwani, akaoa hapa, akazikwa hapa. Baba, Ramadhani kwa jina, alikuwa dereva wa gari moshi la Butere siku za injini za mvuke. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilipokuwa darasa la tano, injini hizo zilikuwa zimekwisha kuondolewa kazini, naye amepewa kazi ya mchana ya kuangalia stoo ya karakana. Lakini harufu haikutoka kwenye mashati yake, na mama, ambaye pua yake haikuwa ya mchezo, alianza kuyanusa kwa makini kuliko zamani. Ndani ya harufu ile ya miaka yote kulikuwa na nyingine mpya. Moshi wa kuni, alisema. Na sisi tulipikia makaa.

Ili nieleweke, lazima niseme habari za honi. Wakati wa mvuke, injini haikuwa ya kila mtu. Dereva alikabidhiwa yake pamoja na fayaman wake, yule mtunza moto wa tanuri, nao wakaitunza utadhani wameirithi kwa baba zao. Baba aliisugua shaba yake kwa majivu na ndimu hadi ukajiona meno ndani yake. Na kama injini ilivyokuwa yake, ndivyo na honi. Ilivutwa kwa mnyororo, na kila mkono ulikuwa na uvutaji wake, kama mwandiko. Fupi, fupi, kisha ndefu iliyopandishwa mwishoni: hiyo ilikuwa yetu. Aliipiga akifika Otonglo, mji ukiwa karibu, na mama aliposikia alibandika maji ya ugali bila kuuliza saa. Wake wote wa madereva mtaani waliishi hivyo. Ungeweza kuona mwanamke anasuka nywele za mwenziwe, ghafla anaacha msuko mmoja hewani na kukimbilia jikoni, na hakuna aliyemcheka kwa sababu kesho ni zamu yake.

Aliyetuletea taabu ni jirani yetu, Mama Rehema. Huyu alinunua omena, dagaa wa ziwani, ufukweni Dunga na kuwapeleka kuuza soko la Luanda kwa gari la baba, kwa hiyo aliijua njia ile kama anavyojua uani kwake. Jioni moja, injini za mvuke zikiwa zimeshakuwa habari ya jana, alikaa kwenye mkeka wetu akichambua mchele na kusema, kama mtu asemaye habari za mvua, kwamba anaikosa sana honi ya Kisian. Mama akamuuliza honi ipi. "Haiya, kwani hujui?" Mama Rehema akasema. "Tukishapita stesheni ya Kisian, pale kilimani, mzee wako alikuwa lazima apige. Moja ndefu, tatu fupi. Na kuna mwanamke huko juu anatoka nje anapunga kitambaa. Kila siku. Mimi nilidhani ni mtu wenu." Mama aliuchukua ungo wa mchele mikononi mwa Mama Rehema, akaanza kuuchambua upya mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ndivyo mama alivyoanza kulala na kuamka na methali hiyo. Dini yetu inamruhusu mwanamume mke wa pili. Lakini ruhusa ni jambo moja, na kuchekwa mtaa mzima ni jingine. Kuanzia hapo kila kitu cha baba kiligeuka ushahidi. Kila Ijumaa baada ya swala alipanda baiskeli, akaelekea upande wa barabara ya Busia, ile ipitayo Kisian, akarudi jua likizama na viazi vitamu vilivyofungwa kwenye majani ya mgomba. Akiulizwa, alisema amepewa na rafiki. "Rafiki gani anachimba viazi Ijumaa kwa Ijumaa?" mama alimuuliza, na baba akaendelea kutafuna. Nami nikawa mwanafunzi wa mama. Nilihesabu dakika alizokaa nje. Nilinusa shati kabla halijafuliwa. Sioni fahari kusema haya, lakini nilifurahia. Nilikuwa mtoto wa pekee wa kike, mkubwa wa wadogo wawili, na kwa mara ya kwanza mama alizungumza nami kama mtu mzima.

Likizo ya Aprili ilipofika, baba akatangaza kwamba anakwenda Nairobi. Injini yake, alisema, haikuuzwa chuma chakavu kama nyingine. Imepelekwa kwenye makumbusho ya reli, imepakwa rangi, imewekwa watu waitazame. Aliyasema haya akitazama sahani. Atanichukua na mimi kwa kuwa nimefanya vizuri shuleni. Mama akauliza: na yeye? Baba akasema pasi ya safari aliyopewa kazini ni ya mtu mzima mmoja na mtoto mmoja, bahati mbaya. Mama akasema sawa. Ile "sawa" ilinifanya nisimalize chakula changu.

Alfajiri iliyofuata, baba akiwa msikitini, mama alinitolea karatasi kutoka mfuko wa koti la baba. Yeye alisoma Kurani vizuri sana, lakini Kiingereza cha serikali hakukisoma. "Nisomee," akasema. Nikasoma. Pasi ilikuwa ya mfanyakazi, mke wake na mtoto mmoja. Nilisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ndogo. Mama alichukua karatasi ile, akaikunja ilivyokuwa imekunjwa, akairudisha mfukoni. Kisha akavuta kutoka chini ya kitanda sanduku lake la bati, lile alilokuja nalo siku ya arusi, akalifungua. Nguo zake zilikuwa zimeshapangwa ndani, kanga juu ya kanga. "Saida, sikiliza," akanambia. "Huko unaenda kama macho yangu. Huyo mke aliyeandikwa hapo, mimi nataka kumjua. Anakaa aje, anaitwa nani, baba yako anamwita nani. Ukirudi uniambie ukweli. Kama ni kweli, mimi naenda kwa ndugu zangu Mumias na watoto wadogo. Wewe utachagua." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikatoka nikiwa mpelelezi.

Stesheni ya Kisumu jioni ile ilinuka samaki, dizeli na mvua iliyokuwa bado ziwani. Nilishika mkoba wetu nikimkagua kila mwanamke aliyepita. Mmoja mwenye viatu vyekundu alituangalia kidogo tu, nikaukariri uso wake wote. Baba naye alikuwa akiangalia mlango, akiinuka, akiketi. Kisha uso wake ukafunguka na akaenda haraka kumpokea mtu. Aliyeingia alikuwa bibi kizee. Alikuwa mfupi, mguu mmoja mbovu, amejifunga kitambaa kichwani, na kwenye kikapu chake cha matete kulikuwa na kuku jike mwenye madoadoa aliyefungwa miguu. Baba alimpokea kikapu kwa mikono miwili. Alimwita Mama. Akaniambia, "Msalimie bibi yako, Min Otieno." Kwa Kijaluo, mama yake Otieno. Yule mzee akanishika kidevu, akanitazama kwa karibu sana kama watu wasioona vizuri, akasema, "Nyathina, mtoto wangu, umekuwa mkubwa." Umekuwa mkubwa? Alinijua tangu lini?

Basi nilikaa dirishani kwenye kiti cha daraja la pili nikipiga hesabu zangu. Bibi kizee hawezi kuwa mke. Lakini bibi kizee ana binti. Baba anamwita Mama, anambebea kikapu, anamfunikia miguu kwa koti lake mwenyewe, na hapa kuna kuku. Na nani asiyejua kwamba kuku hubebwa anapotembelewa mtu wa heshima? Mama mkwe! Binti bila shaka yuko Nairobi, ametangulia, pengine ana nyumba kabisa, na injini ni kisingizio. Nilijiona nina akili nyingi. Hasira ilinipanda kiasi kwamba bibi aliponipa kiazi nilisema nimeshiba, na nilikuwa na njaa inayouma. Nilisinzia nikiwa nimekiegemeza kiatu changu kwenye kikapu, ili kuku akiondoka nijue.

Asubuhi tulitembea kutoka stesheni hadi makumbusho, si mbali, lakini kwa mwendo wa Min Otieno ilichukua muda. Mlangoni bwana mmoja mwembamba mwenye koti la kijivu alimtazama kuku kwanza, sisi baadaye. "Hiyo kuku ni ya nini?" akauliza. Baba akasema ni ya mama. "Hapa si soko, mzee." Baba akamwonyesha kitambulisho chake cha kazi na kumwambia, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu aache udereva, kwamba mojawapo ya injini zilizomo humo aliiendesha miaka tisa. Yule bwana akaturuhusu, ila akatufuata hatua kumi nyuma, mikono mgongoni, kana kwamba tumekuja kung'oa taa. Kwa hiyo tulikuwa msafara wa ajabu: yeye akitushuku sisi, mimi nikimshuku baba, na kuku akimshuku kila mtu.

Nilitarajia nini sijui. Injini zilisimama kwenye reli fupi zisizokwenda popote, majani yameota katikati ya magurudumu, kubwa kuliko nyumba yetu, na hazikuwa na sauti. Hilo ndilo lililonitisha. Injini ya mvuke, hata imesimama, huhema, hudondosha maji, hugonga-gonga ndani. Hizi zilinyamaza kabisa. Watoto wa shule fulani walikuwa wamepanda juu ya moja wakipigwa picha. Baba alipita injini mbili bila kugeuka, akasimama mbele ya ya tatu. Aliinusa. Kweli, aliiweka pua karibu na chuma akaivuta hewa, kisha akatingisha kichwa. "Wameiogesha rangi," akasema. "Haina harufu." Alipitisha kidole kwenye shaba iliyopakwa rangi nyekundu juu yake, shaba ile ya majivu na ndimu, akatazama kidole. Nilimwonea huruma kidogo, kisha nikajikumbusha kazi iliyonileta, nikageuka kutafuta mwanamke kijana.

Hakukuwa na mwanamke kijana. Kulikuwa na Min Otieno tu, aliyekuwa akizunguka injini ile akichechemea, akiigonga kwa kiganja na kuita kwa Kijaluo, si kwa sauti kubwa, kama mtu anayebisha hodi nyumba ambayo anajua wenyewe wamo. Aliita "Otieno". Akazunguka upande wa pili, akaita tena. Kisha akamrudia baba, akamwuliza kwa Kiswahili, labda ili yule bwana wa koti la kijivu naye asikie na kusaidia: "Ramadhani, kijana iko wapi? Amelala? Mwambie mama yake amekuja. Mwambie hakuna askari hapa, atoke tu."

Baba alikaa chini kwenye ngazi ya injini. Aliivua kofia yake. Yale aliyosema yalitoka vipande vipande, nusu Kiswahili nusu Kijaluo, na mengine alinimalizia mimi tulipokuwa tukirudi, kwa hiyo nitayaweka pamoja. Otieno alikuwa fayaman wake. Nyumba ya mama yake iko kilimani juu ya reli, kupita stesheni ya Kisian, na kwa kuwa mguu haukumruhusu mama kushuka, baba alimwachia Otieno avute mnyororo pale, ndefu moja na fupi tatu, kumsalimu. Naye alitoka akapunga kitambaa. Ndipo miaka ile mibaya ya Uganda, askari wakikamata watu ovyo, Otieno akaazimwa kwenye gari la mizigo la kwenda huko. Wenzake walirudi. Yeye hakurudi, na hakuna aliyeweza kusema zaidi ya kwamba alishuka kutafuta chai. Wiki mbili baadaye baba alipita Kisian na fayaman mgeni, akatupa macho kilimani, akamwona yule mama amesimama saa ile ile na kitambaa chake, ingawa alikuwa ameshapewa habari. "Mkono ulikwenda wenyewe," baba alisema. Akavuta, ndefu moja, fupi tatu. Kitambaa kikapungwa. Na baada ya hapo, ni dereva gani mwenye moyo angepita pale kesho yake akanyamaza? Aliipiga karibu miaka mitano. Alidhani anamwamkia mfiwa.

Sasa hapa ndipo ujinga wa mtu wa mjini ulipotugharimu. Kwetu Kaloleni, mtu akipotea usimpate, husomewa dua, matanga yakaisha, na aliyebaki hulia taratibu. Kwa Wajaluo wa kando ya ziwa haiishi hivyo. Mtu aliyepotea, awe amezama ziwani au ameliwa na nchi ya mbali, lazima azikwe nyumbani kwao, na kama mwili haukupatikana, huchumwa tunda la mti wa mwegea, lile refu zito wanaloliita yago, likavishwa nguo na kuzikwa mahali pake kama mtu. Mpaka hapo hajafa, na hajaachwa apumzike. Ukoo wa Otieno ulikuja kwa mama yake na yago mara ya kwanza, akawaambia wangojee saa kumi jioni. Saa kumi honi ikalia. "Mnasikia?" akawaambia. "Huyo nani?" Walipokuja mara ya pili aliwafukuza kwa fimbo. Kijana yupo, alisema, ila anajificha kwa sababu ya maaskari. Anakaa ndani ya injini na kumsalimu mama yake kwa honi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na uchungu huo ukipewa kamba, hata iwe ya honi, huishika. Baba hakujua lolote la haya. Alijua siku injini ilipoondolewa, alipopanda baiskeli Ijumaa ya kwanza kwenda kumuaga, na yule mama akamwuliza Otieno atapanda gari gani sasa. Ijumaa zile zote alikwenda akikusudia kumwambia, akashindwa, akaishia kumsimulia habari zetu, akapewa viazi. Mwishoni aliona heri amlete aione injini mwenyewe, tupu, imezimwa. Alimwambia, "Twende ukaione injini ya Otieno." Naye yule mama akamshika kuku wake bora, amletee mwanawe.

"Ni mimi, Mama," baba alisema pale ngazini. "Tangu Otieno apotee, ni mimi nilikuwa navuta."

"Hapana," akasema Min Otieno. "Mkono ile ni ya Otieno. Mimi najua."

Baba akapanda ndani ya injini. Mnyororo ulikuwa bado unaning'inia. Bwana wa koti la kijivu akapiga hatua kuja kutuzuia, akasimama. Baba akaushika mnyororo, na kwa kuwa hapakuwa na mvuke, aliuvuta huku akipiga mluzi kwa mdomo wake: ndefu moja, na kabla ya zile fupi, kituo kidogo, kama mtu anayevuta pumzi. Nilikuwa sijui kwamba kituo kile ndicho kilichokuwa alama ya mkono wa Otieno. Min Otieno alikijua. Niliuona uso wake ukikipokea. Alikaa chini penye majani, mguu mbovu umenyooshwa mbele, kuku mapajani, na kwa muda mrefu hakulia. "Ramadhani," akasema mwishowe, "umenilisha uongo miaka mitano." Baba alishuka, akapiga magoti mbele yake na kulia kwa sauti, mbele ya watoto wa shule, mbele ya mlinzi, mbele yangu. Sikuwahi kumwona akilia, na sikujua niweke wapi macho niliyotumwa nayo. Min Otieno alimwacha alie. Kisha akaweka kiganja juu ya kichwa chake kilichokuwa hakina kofia na kusema kwa Kijaluo maneno niliyoyaelewa vizuri sana, kwa kuwa niliyajifunza barabarani nikicheza: nirudishe nyumbani, nina mtoto wa kuzika.

Tulipofika Kisumu kesho yake, Min Otieno alinipa kikapu. "Mpe mama yako," akaniambia. "Mwambie mimi ndio nilikalia kiti yake." Kumbe alijua. Wazee hawaambiwi.

Mama alikuwa amekaa juu ya sanduku. Si kando yake, juu yake, amevaa baibui la safari, wadogo zangu wamevalishwa viatu. Alimwona kuku kabla hajaniona. "Nani ametoa hiyo?" akauliza. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakanitoroka, nikasema, "Ni nyanya mzee, Mama. Alikuwa anamletea mtoto wake, lakini amekufa." Kisha nikaeleza yote, kuanzia stesheni hadi mluzi, nikilia, nikirudi nyuma nilipoona nimeruka, huku baba amesimama mlangoni na kofia mkononi. Nilipomaliza nilimwangalia mama mikono. Ilikuwa bado juu ya kufuli la sanduku.

"Kwa nini hukuniambia?" akamwuliza baba.

"Ningeanzia wapi?"

"Ungeanzia hapa. Kwangu." Kisha akauliza swali ambalo hata mimi, pamoja na ujanja wangu wote, sikuwa nimelifikiria. "Na yetu? Ile ya Otonglo. Mimi nimebandika maji miaka yote kwa ile honi. Ilikuwa wewe kila siku?"

Baba aliinamisha kichwa. Ndipo tukajua kwamba madereva walikuwa wakikopeshana milio. Injini ikiharibika Butere, mtu akilazwa huko na homa, mwenziwe anayerudi aliombwa ampigie ya kwake akipita Otonglo, ili mke asiingiwe na hofu kabla habari hazijafika. Mara tatu, baba alisema. Labda nne. Nikazikumbuka jioni zile: ugali umeiva, umepoa, umefunikwa, na mama akisema pengine amepitia msikitini. Mama akacheka kidogo, kicheko ambacho sikukipenda. "Kwa hiyo nimempikia mtu ambaye hayupo," akasema. "Mimi na huyo mama, tofauti yetu ni ndogo sana." Aliinuka, akalifungua sanduku, akaanza kurudisha kanga rafuni moja moja. Hakwenda Mumias. Lakini tangu siku hiyo, ingawa baba alikuwa na kawaida ya kugonga kengele ya baiskeli kwa mpigo ule ule wa zamani akiingia uchochoroni, mama hakubandika maji mpaka amemwona uso. Tukawa tunakula tumechelewa, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Otieno alizikwa wiki iliyofuata. Mama alikwenda na sukari na unga wa mandazi, akakaa na wanawake wa Kisian ambao alikuwa amewachukia wote kwa pamoja bila kuwajua, na Min Otieno akamshika mkono asimwachie mpaka jioni. Yago lilivikwa shati la kazi la reli. Lilipofika wakati wa kulipeleka kaburini, wanaume wa ukoo wakajipanga, lakini Min Otieno akaita, "Ramadhani abebe. Alikuwa mkono yake." Baba akabeba. Alitembea polepole na tunda lile mikononi, na gari la Butere likapita chini yetu likivutwa na dizeli, likapiga honi yake isiyo ya mtu yeyote. Yule kuku, mama alikataa kumchinja. Alisema ni wa mtu mwingine. Akataga, akaatamia, akazeeka, akafa kwa uzee uani kwetu, jambo ambalo kuku wa Kaloleni hawalijui.

Mwaka jana nilikwenda tena Nairobi kwenye makumbusho yale na binti yangu. Injini ipo. Kijana mmoja mpole alitueleza uzito wake, nguvu zake na ilikotengenezwa, nami nikaitikia kwa kichwa huku nikimshuku kimoyomoyo, maana yote aliyosema yalikuwa kweli na hakuna aliyeyahitaji. Mnyororo wa honi umeondolewa. Nilimuuliza uko wapi, akasema hajawahi kuuona. Binti yangu alipiga picha, akamtumia kaka yake, mwanangu wa kwanza, aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi mwaka wa tatu sasa. Baba na mama wamekwisha tangulia mbele ya haki, na reli ya Butere imeota majani mara mbili na kufyekwa mara moja.

Siku hizi hakuna haja ya kusikiliza upande wa Otonglo. Kila jioni saa tatu kasoro, simu yangu hulia mara moja, na mwanangu huwa ameniandikia: Nimefika salama Mama. Maneno ni hayo hayo kila siku, kwa mwandiko wa mashine ambao ni wa kila mtu. Watu huniambia nina bahati ya mtoto anayekumbuka. Nasema alhamdulillahi. Kisha nampigia. Hukasirika kidogo, husema, "Mama, si nimekuandikia?" nami humwambia nilitaka tu kumuuliza amekula nini. Sijawahi kumweleza habari za honi. Na zile jioni ambapo ujumbe huingia kwa wakati wake lakini simu naipiga na haipokewi, huwa siwezi kuwasha jiko. Hukaa pale pale na simu mapajani, nikingoja sauti yake.